Paa la Mzee Alute na Kisomo Changu

Jumatatu, 8 Januari 1973

Mvua tena. Chumba kinavuja mahali sita. Nimetega sufuria, beseni, kopo la maziwa, kikombe cha chai, kikombe kingine cha chai, na kofia yangu ya kazini. Kofia haishiki maji. Nilitaka tu ijulikane kwamba nimejitahidi.

Dereva wa lori la Kiomboi ameniletea barua ya mke wangu Esta. Tumepata binti! Kilo tatu na robo, kwa mizani ya zahanati. Mimi ni karani wa mizani katika ghala la ushirika, uzito mzuri naujua hata kwa kuusikia. Niliruka kwa furaha nikapiga beseni teke. Maji yote yakaenda kitandani.

Kisha nikageuza barua upande wa pili. Esta alikwenda kujifungulia kwa mama yake, Ulemo, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Anasema atarudi Jumamosi tarehe 27, na mama yake atamsindikiza. Mama mkwe naye katuma salamu, na neno moja. Akikuta paa linavuja, mtoto hatashushwa kwenye lori. Atageuzwa hapo hapo, arudi Ulemo hadi masika yaishe. Yaani mwezi wa tano! Binti yangu ataota meno sijamwona.

Siku kumi na tisa tu. Nimekwenda kwa Mzee Alute, mwenye nyumba. Alikuwa amekaa juu ya lundo la boriti na fito kando ya zizi lake, anachonga mpini wa jembe. Nikampa shikamoo kamili. Akaitikia marahaba ndefu, akauliza habari za nyumbani. Nikamweleza habari za paa kwa Kiswahili cha ofisini, bila kupumua. Akasema nyumba ya tembe ni kama ng'ombe mgeni, haizoei mvua kwa siku moja. Nikasema hii ni mvua ya saba. Akasema basi imeanza kuzoea.

Ningemshtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ni mdogo wake.

Jumanne, 9 Januari

Mpangaji mwenzangu ni Alphonce, fundi cherehani anayeshonea kwenye baraza ya duka la Ladha pale Singida mjini. Chumba chake na changu vinapakana. Paa moja, mwenye nyumba mmoja, mvua moja. Kwake pakavu! Jioni anaimba sauti ya tatu ya kwaya, peke yake, bila kwaya.

Nimemuuliza siri yake. Hana siri. Anasema kabla ya mvua alipanda juu na karai la udongo wa kichuguu, akaziba. Akasema twende wote Jumapili, atanishikia ngazi. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba karani wa mizani habebi udongo. Tena hapa kuna jambo la kanuni. Mzee Alute ni kabaila. Kabaila mwenye katambuga za tairi, lakini kabaila. Anayekula kodi ndiye azibe.

Na nimepata njia! Kila Jumanne na Ijumaa saa kumi alasiri mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa Unyambwa. Wanafunzi ishirini na wawili, kati yao Mzee Alute na mkewe Bi Dorkas. Nje ya darasa ninampa shikamoo. Ndani ya darasa ananyosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Hiyo ndiyo nguvu ya elimu.

Leo nimefunga kitabu chenye habari za alizeti. Nimeandika ubaoni: PAA LINAVUJA. Wamesoma pamoja mara thelathini. Mzee Alute kasoma kwa sauti kubwa kuliko wote, nikamwona uso umembadilika. Nikajua sindano imeingia.

Baada ya darasa kanifuata, kanishika mkono. Kasema sentensi ile imemuumiza sana moyo. Kauliza huyo mtu ni nani, anakaa wapi, na kama darasa lingeweza kumchangia chochote.

Alhamisi, 11 Januari

Nimechukua hatua kali. Nimemwambia Mzee Alute kwamba kodi ya mwezi huu naizuia mpaka paa lizibwe. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo tangu asubuhi. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Akafikiri. Akasema ni wazo zuri sana, niitunze mimi, maana kwake panya wamekula noti mbili tangu Krismasi. Akanishukuru kwa uaminifu wangu. Bi Dorkas akanipa mayai matatu.

Mayai nimeyala. Lakini sikufurahi.

Ijumaa, 12 Januari

Somo la pili. Nimeandika ubaoni: MWENYE NYUMBA MWEMA HUTENGENEZA PAA. Nikamtazama Mzee Alute. Naye akageuka nyuma kuona ninamtazama nani.

Bi Dorkas akanyosha mkono. Ni mwanafunzi wangu bora, hilo silikatai. Mwezi wa tisa alikuwa hajui hata kushika chaki, leo anaandika mstari ulionyooka kuliko wangu. Akaomba kuongeza sentensi yake. Mwalimu gani angekataa? Akaandika chini ya yangu: MPANGAJI MWEMA HALALAMIKI KAMA MTOTO.

Darasa zima likapiga makofi. Wameinakili yake kwenye madaftari. Yangu wameiruka, wanasema ni ndefu.

Jumapili, 14 Januari

Nimerudi kanisani nikakuta mbuzi juu ya chumba changu. Si mmoja, watatu. Paa la tembe ni bapa, la udongo, juu yake majani yameota vizuri, mtama uliomwagika wakati wa kuanika nao umechipua, na mbuzi wanakula kama wako shambani. Kwato moja ilipenya, nikaiona kutoka ndani. Sasa ninavujiwa mahali saba.

Nimekwenda kwa Mzee. Alikuwa juu ya lundo lake lile lile la boriti. Kabla sijafungua mdomo akasema ameona, na kwamba mbuzi hawaendi mahali pabaya, kwa hiyo nyumba yangu ina baraka. Akataka kuendelea kusema jambo, akaonyesha zile boriti kwa kisu. Sikumsubiri. Nimechoka na methali za huyu mzee.

Nikaketi chumbani chini ya mwavuli nikafikiri. Ghafla nikakumbuka. Mkataba! Mwaka jana nilipohamia niliandika karatasi kwa mkono wangu, ukurasa mzima. Mzee Alute hakujua kusoma, akaweka dole gumba. Karatasi iko kwake, kwenye kisanduku cha bati. Maneno yenyewe siyakumbuki yote, lakini paa limo. Nakumbuka kabisa nikiandika neno paa. Na karani mwenye akili zake ataandika nini juu ya paa, kama si kwamba mwenye nyumba alitengeneze?

Nikimsomea mimi atasema nimeongeza chumvi. Asome mwenyewe! Mtu hawezi kubishana na macho yake. Zimebaki siku kumi na tatu. Nitamfundisha mzee huyu mpaka asome kama katibu kata.

Jumatano, 17 Januari

Masomo ya ziada kila siku, bure, kwenye kivuli cha ukuta wa zizi. Mzee Alute anashangaa ukarimu wangu. Majirani nao wanashangaa. Bi Dorkas kamwambia mtu kwamba huenda nina homa.

Lakini lazima niandike lililotokea leo. Tulikwenda mjini pamoja, mimi kazini, yeye kununua chumvi. Tumefika kwa Ladha, Mzee kasimama mbele ya gunia barazani. Midomo inacheza. Anaweka kidole hewani, anafuata herufi. Kisha akapiga kelele: Sukari! Ladha akatoka mbio akidhani kuna mwizi. Mzee akamwambia, Ladha, hili gunia ni la sukari. Ladha akasema anajua, ni lake. Mzee akasema, hapana, wewe unajua kwa kuwa ulilinunua, mimi najua kwa kuwa limeniambia.

Akasoma kila kitu. Chumvi. Kiberiti. Sabuni. Akasoma jina la Ladha juu ya mlango, akamtazama usoni, akasoma tena, kama anahakikisha ni yeye. Alphonce kaacha cherehani yake, akampa kila kitambaa chenye maandishi. Watu wakajaa. Ladha, ambaye hatoi hata karanga, kampa chumvi bure.

Nimechelewa kazini nusu saa, na mkubwa wangu kanifokea. Sikujali. Nilikuwa nafurahi mno, na nilikuwa nimesahau kabisa habari za paa. Nimeshtuka saa sita mchana na kujikumbusha kwamba huyu ni adui yangu.

Jumamosi, 20 Januari

Mvua ya mawe. Godoro limelowa, madaftari ya wanafunzi yamelowa, suruali yangu ya Jumapili imelowa ikiwa kwenye kamba ndani ya nyumba. Alphonce kaja mlangoni na karai, tayari, miguu pekupeku. Twende sasa hivi, anasema, udongo umelainika. Nikamjibu kwamba zimebaki siku chache tu kabla haki haijatendeka, na nisingependa kuivuruga haki kwa udongo. Akasema sawa, akarudi kuimba.

Kwa kina Mzee Alute kuna pilikapilika. Bi Dorkas ameanika kimea cha mtama na kuazima mitungi mitano kwa majirani. Pombe inapikwa! Mimi ninazama, wao wanaandaa sherehe. Nimepita bila kuuliza ni ya nini. Nilimsalimia lakini kwa ubaridi.

Mzee amesoma leo ukurasa mzima wa habari za alizeti, hakukwama hata mara moja.

Jumatatu, 22 Januari

Bahati! Taarifa imekuja kwamba Jumatano afisa wa elimu ya watu wazima atatembelea darasa langu. Atawapima wanafunzi mbele ya watu, na wazee wa kata watakuwepo. Nani angepanga vizuri zaidi? Si kusoma tu, bali kusoma mbele ya mashahidi!

Nimemwambia Mzee Alute kwamba afisa hupenda mwanafunzi asome karatasi yake mwenyewe kutoka nyumbani. Karatasi yoyote, nikasema. Kwa mfano iliyokunjwa. Kwa mfano yenye dole gumba. Akakuna kidevu, akasema anayo moja tu ya namna hiyo. Nikasema, basi hiyo hiyo, mzee wangu.

Nimemwandikia Esta kwamba paa ni jambo lililokwisha. Barua nimempa dereva.

Jumatano, 24 Januari

Sijui nianzie wapi.

Afisa ni Bwana Melkizedeki, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Wazee wamekaa mbele. Bi Dorkas kasoma vizuri, kaandika vizuri. Kisha Mzee Alute akasimama. Alivaa koti. Akatoa karatasi, akaikunjua polepole. Nikaliona dole gumba lake kule chini, la zambarau. Akasoma, sauti kubwa, bila kukwama. Nayanakili maneno kama yalivyo ili niteseke vizuri:

"Mimi Antipasi, karani, nimekikagua chumba hiki kwa macho yangu na nimeridhika. Nitakitunza kama changu mwenyewe, paa, ukuta na mlango. Sitamsumbua Mzee Alute kwa jambo lolote, dogo wala kubwa, kiangazi wala masika."

Nilikumbuka yote papo hapo. Siku ile kulikuwa na watu wengine wawili waliokitaka chumba. Mzee alisema niandike nipendavyo. Nami niliandika kwa moyo wa shukrani. Moyo wa shukrani ni hatari mtu akiwa na kalamu mkononi.

Bwana Melkizedeki akapiga makofi mpaka kalamu moja ikaanguka. Akasema hajawahi kusikia mzee akisoma hivyo katika mkoa mzima. Akamsifu mwalimu. Wanafunzi ishirini na mmoja walikuwa wameinamia madawati, mabega yanatikisika. Alphonce, ambaye si mwanafunzi hata kidogo, alikuwa dirishani analia kwa kicheko.

Halafu likaja kubwa zaidi. Mzee Alute kanishika mikono yote miwili. Kasema mwaka mzima alikuwa anaamini karatasi ile inamwamuru yeye kulitengeneza paa, maana hajaona karatasi ya karani isiyombebesha mzigo mwenye dole gumba. Kwa hiyo tangu Desemba amekata boriti na fito. Zile zile alizokuwa akizikalia! Amemwambia mkewe apike pombe, na watu wamealikwa kazini Ijumaa hii. Mara mbili alitaka kuniambia, mara mbili niliondoka nimenuna, akaona basi, atanishangaza. Lakini sasa, ashukuriwe Mungu na kisomo, amesoma mwenyewe na kuona kwamba hadaiwi kitu. Boriti zitafaa kwa zizi. Kasema nimemfungua macho, na kwamba hatanisahau.

Nilimtazama sana usoni nijue kama ananicheka. Sijajua mpaka sasa.

Alhamisi, 25 Januari

Sijala. Nimefikiria kupeleka habari Ulemo kwamba daraja limevunjika. Halikuvunjika, na dereva wa lori hupita juu yake kila siku. Nimefikiria kusema kuna surua Unyambwa. Niliogopa kumtaja mtoto na ugonjwa kwa pamoja. Nikakaa kitandani na sufuria kichwani, maana tundu la saba liko juu ya mto.

Kesho kutwa lori litasimama pale njia panda. Nitaonyeshwa binti yangu kutoka juu, kama bidhaa, kisha lori litageuka. Nililia kidogo. Sufuria ilifanya sauti iwe kubwa kuliko nilivyokusudia.

Bi Dorkas akasikia, akaingia. Nilitoa sufuria nikampa shikamoo. Akauliza mtoto anakuja lini. Nikasema Jumamosi, nikamweleza neno la mama mkwe. Akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu mwanzo kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Nikafikiri. Kweli, sikuwahi kusema. Nilisema habari za kanuni, ukabaila na haki. Mtoto nilimsahau kwenye hotuba.

Akatoka kwa hatua kubwa. Nilisikia kila neno kutoka zizini. Alimwambia mumewe kwamba pombe ile ilipikwa kwa ajili ya paa, na watu waliitwa kwenye paa. Pombe ya paa hainywewi kwenye zizi. Wakija kesho wakaambiwa ni zizi, aibu itafika Ilongero kabla ya jua kuzama. Na pombe haingoji, kesho inaiva, kesho kutwa ni siki. Karatasi ile, akasema, haiwezi kunywa mitungi mitano.

Mzee akakohoa, akasema kwa Kinyaturu jambo fupi. Najua kukubali ninapokusikia, hata kwa Kinyaturu.

Akaja kunipa masharti. Kwa kuwa nimeandika nitakitunza kama changu, basi mwenye kazi ni mimi. Karai la kwanza la udongo ni langu, na wa mwisho kuketi kunywa ni mimi. Nimejadiliana naye kwa ukali mkubwa, kisha nikakubali yote.

Ijumaa, 26 Januari

Nimeomba ruhusa kazini. Nilisema nina shughuli ya kujenga taifa.

Watu walianza kufika alfajiri na majembe na vikapu. Darasa langu lote limekuja! Wanaume walibomoa udongo wa zamani, mtama na majani na vyote. Boriti mbili zilikuwa zimeoza. Wakaweka mpya, wakapanga fito, wakatandaza nyasi, na baadaye udongo wa kichuguu. Wanawake walipanga mstari hadi kisimani, ndoo zikapita kichwa hadi kichwa.

Karai la kwanza nilibeba mimi. Nilipofika katikati ya ngazi likaniangukia. Shati la karani limekwisha. Nikabeba la pili. Nilibeba ishirini na saba, niliyahesabu kwa mazoea ya kazi yangu, na baada ya la kumi nilisahau kujionea huruma.

Kisha tukapanda juu wote kushindilia kwa miguu. Alphonce akaanzisha wimbo. Maneno yake? Paa linavuja! Ile sentensi yangu ya ubaoni! Darasa likaitikia, mwenye nyumba mwema, mpangaji halalamiki, miguu inapiga pamoja, udongo unakaa. Mzee Alute alikuwa karibu nami anacheza, koti lake la mtihani mwilini, na nilimwona akicheka meno yote. Upepo unavuma, ziwa Kindai linang'aa kule mbali, mimi nimepakwa tope hadi masikioni. Sijapata siku nzuri kama hii tangu nihamie Singida. Naisema wazi.

Saa kumi mvua ikaja. Kubwa. Watu zaidi ya thelathini wakajibana chumbani mwangu, wote wametazama juu, vibuyu mikononi. Mzee Alute alinyosha kiganja chini ya lile tundu la saba akangoja. Tukangoja naye. Akakigeuza kiganja kutuonyesha.

Kikavu! Kelele zile nadhani zilisikika hadi sokoni. Nikanywa wa mwisho, kama ilivyoagizwa. Pombe ya Bi Dorkas ni nzuri sana, nayo ilibaki kidogo tu.

Jumamosi, 27 Januari

Amefika. Anaitwa Cecilia. Ana masikio yangu, maskini, lakini mengine yote ni ya mama yake. Nilimpokea kutoka kwenye lori kwa mikono miwili, na kwa mikono yangu nadhani amefika kilo nne. Alipiga chafya, akalala. Sikuweza kusema lolote. Esta akacheka, akasema hajawahi kuniona nimekosa maneno.

Kabla ya hapo mama mkwe aliingia kwanza, peke yake. Akagusa ukuta wa kaskazini. Akagusa wa kusini. Akatazama juu kwa muda mrefu, shingo imekazwa. Mvua ikanyesha kama iliyotumwa, akangoja hadi ikatike. Kisha akatoka akasema mtoto aletwe.

Akaniuliza, kwa heshima na akitazama pembeni kama inavyotakiwa, nani alilitengeneza. Nikamweleza jinsi nilivyomlainisha mwenye nyumba kabaila kwa njia ya elimu, hatua kwa hatua, kwa mpango niliouandaa tangu tarehe 8. Alphonce alikuwa nyuma yangu, akapaliwa na chai. Esta aliyatazama malengelenge ya viganja vyangu. Alinibana tu kidole.

Lori liligeuka saa tisa. Mama mkwe alikuwa arudi nalo. Hakurudi! Anasema nyumba yake Ulemo inavuja mahali pawili, na mgongo wake hautaki tena baridi, na hajaona paa kama hili popote. Amefungua mzigo wake. Atakaa hadi masika yaishe.

Chumba ni kimoja. Mkwe na mkwewe hawalali chumba kimoja, hata mtoto mdogo anajua. Kwa hiyo nimehamishiwa kwa Alphonce.

Jumatatu, 29 Januari

Alphonce anaimba hata usingizini. Binti yangu yuko upande wa pili wa ukuta. Ninamsikia akilia, ninasikia akinyamazishwa, na ninaruhusiwa kumwona baada ya kazi, nikishapiga hodi mara mbili na kukohoa. Mama mkwe anawaita wapita njia waje kulitazama paa. Anasema mkwewe ni mtu wa maana.

Esta ananishauri jambo rahisi. Mzee Alute ana chumba cha ziada anachowekea vibuyu na ngozi. Nimwombe tu kwa ajili ya mama, atampa. Bi Dorkas kanishauri hilo hilo. Alphonce kanishauri hilo hilo, tena kwa machozi. Mzee mwenyewe leo asubuhi alinisimamisha, akaanza kusema kwamba kile chumba cha vibuyu, nikamkatiza kwa adabu kwa sababu nilikuwa nafikiri.

Kuomba ni kwa watu wasio na mpango. Mimi nimeshapima. Mkeka wa mama mkwe uko hatua mbili kutoka ukuta wa kaskazini, hatua moja na nusu kutoka mlangoni. Kitanda cha Esta na mtoto kiko mbali, upande wa pili. Linatakiwa tundu moja, dogo, la msumari wa inchi nne. Tone moja moja, la heshima, lisilomfikia mtu mwingine. Kwa karani wa mizani hiyo ni kazi ya dakika tano. Mama atarudi Ulemo kwa hiari yake, nami nitaziba, na hakuna atakayejua.

Msumari nimeununua kwa Ladha. Kesho mama mkwe anakwenda kliniki na Esta kumpima mtoto. Mawingu yamejaa upande wa Ilongero, na nimeshaazima ngazi kwa Mzee Alute. Nimemwambia nataka kuwafukuza mbuzi.